Diski za TB nyingi kwa NAS ya nyumba: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa dola

Mu miji yetu, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, nyumba nyingi siku hizi ziko na mafaili kuliko nafasi ya kuyaweka. Picha za ndoa, video za mazishi, makaratasi ya kiwanja yenye kupitishwa ku skana, hesabu za butiki, kazi za watoto wa chuo. Yote inajazana mu telefone, mu flash, na mu disque dur moja ya kubeba yenye kuzunguka kutoka mkono mmoja kufika mwingine. Siku ile diski inaanguka chini, vyote vinaenda pamoja.

Ndiyo maana watu wanaanza kuuliza juu ya kile kisanduku kinaitwaka NAS. Ni ordinateri ndogo isiyo na skrini, yenye nafasi ya diski moja, mbili, ine ao zaidi, inaungwa kwa kamba ku ruta ya nyumba. Telefone na ordinateri zote za nyumba zinaweza kuweka mafaili ndani na kuyasoma. Kuna jambo moja wengi wanachanganya: mtandao wa nyumba si intaneti. Hata kama mega zimeisha, NAS inaendelea kufanya kazi, juu mafaili yanapita tu mu kamba na Wi-Fi ya ndani. Studio za picha, redio, wakili mwenye madosie mengi, hata familia ya kawaida, wote inaweza kuwafaa.

Kisanduku chenyewe kinaweza kuwa cha Synology ao QNAP, ao ordinateri ya zamani yenye kuwekwa programu ya bure. Hapa tunazungumzia zaidi kile kinaingia ndani, ni kusema diski. Njo inakula pesa nyingi, njo inachunga mali, na njo watu wanadanganywa sana juu yake ku soko.

TB ngapi zinakutosha

Muuzaji atakuuliza: unataka TB ngapi? Usijibu kwa kubahatisha. TB 1 ni GB 1,000. Sauti ya MP3 ya kilobiti 128 kwa segonde, kiwango cha kawaida cha kuchunga vipindi vya redio, inakula karibu MB 58 kwa saa. TB 1 inabeba basi masaa zaidi ya 17,000 ya sauti. Sauti ileile ikiwekwa kwa WAV, bila kufinywa, inakula karibu MB 635 kwa saa, na TB 1 inabaki na masaa 1,500 na kitu.

Video njo inakulaka sana. Kamera yenye kurekodi kwa megabiti 50 kwa segonde inajaza GB 22 na nusu kila saa. Mpiga video mwenye kufanya ndoa mbili kwa wiki, masaa 4 kila moja, anapita TB 9 kwa mwaka mmoja kama hafuti kitu. Familia yenye kuchunga picha za telefone na makaratasi, TB 4 itawafikisha mbali.

Usishangae ukiweka diski ya TB 4 ku Windows na inakuandikia 3.63, ao ile ya TB 8 inaandika 7.27. Hakuna mtu amekuibia. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024, basi.

Mbili za TB 4 ao moja ya TB 8?

Tuseme uko na pesa ya diski moja ya TB 8. Vijana wengi wa informatique watakuambia: chukua hiyo, juu ukigawa bei kwa hesabu ya TB, kubwa inatoka rahisi. Hesabu yao ni ya kweli, lakini inasahau kama diski ni mashine yenye kukufa. Ndani kuna sahani zenye kuzunguka mara 5,400 ao 7,200 kila dakika, na kichwa cha kusoma kinapita juu yao bila kuzigusa, karibu sana, unywele hauwezi kupenya hapo. Kampuni Backblaze ya Marekani, yenye kutumia diski karibu 300,000 kwa kuchunga mafaili ya wateja, inatangazaka kila mwaka ngapi zimekufa. Mu 2023 na 2024 ilikuwa kati ya 1 na 2 ku kila 100. Na zile ziko mu vyumba vyenye baridi ya kupimwa na umeme wa kuaminika. Ya kwako iko ku salon, chini ya televizyo, na jirani anachomelea vyuma.

Ikikufa ile moja ya TB 8, umepoteza TB 8 zote. Maabara zenye kufungua diski mu chumba kisicho na vumbi hata chembe ziko mbali na kwetu, na malipo yao yanaweza kupita bei ya diski mara nyingi, tena bila kukuahidi kitu. Lakini ukiwa na mbili za TB 4 mu NAS yenye kuandika kila faili mara mbili (inaitwa RAID 1), moja ikikufa ingine inaendelea, na wewe unatafuta ya kubadilisha bila kukimbiakimbia. Unalipia TB 8, unatumia TB 4. Wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini kwa nyumba yenye pesa ya kuhesabu, sisi tunaona njo matumizi mazuri zaidi ya pesa hiyo.

Kwa diski tatu kuna RAID 5: tatu za TB 4 zinakupa nafasi ya TB 8, na moja inaweza kukufa bila hasara. Ubaya wake unaonekana siku ya kubadilisha. NAS inapashwa kusoma diski zote zenye kubaki, mwanzo mpaka mwisho, kwa kujaza ile mpya. Diski ya TB 8 kwa mwendo wa MB 160 kwa segonde inaomba karibu masaa 14 bila kupumzika. Mu quartier ambamo umeme unakatika mara tatu kwa siku, masaa 14 ni safari ndefu. Na diski zenye kubaki zilinunuliwa siku moja na ile imekufa, ziko na umri moja, na sasa njo zinafanyishwa kazi ngumu kuliko siku zote. Kwa nyumba, bakia ku mbili.

Herufi ndogo ku etiketi

Hii sehemu usiipite mbio. Diski mbili za TB 4, bei karibu sawa, kampuni moja, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa ndani ya NAS.

Kuna namna mbili za kuandika ku sahani. Ya kwanza inaitwa CMR: mistari ya data inakaa kando kando, kila mmoja na nafasi yake. Ya pili ni SMR, na kwa kuielewa angalia mabati ku nyumba. Kila bati inalala kidogo juu ya ingine, njo maana nafasi inatosha vizuri. Lakini ukitaka kubadilisha bati moja ya chini, unapashwa kuinua zenye kuwa juu yake, kisha kuzirudisha. Diski ya SMR inafanya vile vile: kubadilisha kitu kidogo kunailazimisha kuandika upya eneo kubwa. Kwa kuweka filamu na kuzisoma, hautaona tofauti. Lakini mu NAS ya RAID, siku ya kujaza diski mpya, yale masaa 14 yanaweza kuwa siku nyingi, ao NAS inaona diski imechelewa kujibu na inaitupa nje kama mbovu.

Jambo hili lilijulikana dunia nzima mwezi wa 4 mwaka 2020. Watu walivumbua kama diski zingine za Western Digital za jina Red, zile za TB 2 mpaka 6, zenye kuuzwa kabisa kwa kazi ya NAS, zilikuwa SMR na haikuandikwa popote. Kelele ikawa kubwa. Kampuni ikatoa liste, na mwezi wa 6 ikagawa jina: leo Red Plus na Red Pro ni CMR, Red peke yake, bila neno lingine, ni SMR. Kwa hiyo ukiambiwa ku butiki "hii ni Red, ni ya NAS", geuza diski usome. WD40EFAX ni TB 4 ya SMR. WD40EFZX na WD40EFPX ni Red Plus, ni CMR.

Kwa Seagate, IronWolf zote ni CMR. TB 4 na TB 8 zake zinaanza na ST4000VN na ST8000VN, na zile herufi VN njo alama ya kutafuta. BarraCuda ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR. Ni diski za ordinateri ya mezani, si mbaya kwa kazi yao, ila mu NAS ya RAID hazina nafasi. Toshiba iko na N300, nayo CMR. Viwanda vya diski vimebaki vitatu tu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiona diski mpya ya ndani yenye jina lingine, ujue moja ya hizo tatu iko chini ya etiketi, ao kuna uongo.

Ku maduka ya kamera za ulinzi utapata WD Purple na Seagate SkyHawk, mara nyingi rahisi kupata kuliko za NAS. Zilitengenezwa kwa kuandika video bila kuacha. Zinaweza kufanya kazi mu NAS ya nyumba kama umekosa kabisa, lakini tafuta kwanza zile zingine.

Jambo la mwisho hapa: mbele ya kununua diski, soma ku ukurasa wa kiwanda cha NAS yako liste ya diski zenye inakubali. Mu 2025 Synology ilitoa mashine mpya za aina ya Plus zenye kukataa diski zisizo mu liste yake. Wateja walilalamika, na mwezi wa 10 mwaka uleule ikalegeza kwa programu DSM 7.3. Mtu mwenye kununua kisanduku kile na kuacha programu ya zamani anaweza kuona diski nzuri kabisa inakataliwa.

Za uongo na za okazyo

Uongo wa kwanza ni ule wa "TB 16" yenye kuingia mu kiganja kwa bei ya kilo chache za nyama. Ndani yake kuna mara nyingi kadi ndogo ya telefone, ya GB 64 ao 128, na programu yenye kudanganya ordinateri. Windows itaandika TB 16. Utakopia mafaili, majina yataonekana. Kisha kadi ikijaa, inaandika mpya juu ya zamani, na siku ya kufungua picha hazifunguki. Diski za kweli ndogo za kubeba, zile za kuunga kwa USB bila kamba ya umeme, zinaishia karibu ku TB 5 ao 6. Diski ya sahani ya TB 16 ya kweli ni kubwa kama kitabu kinene, ina uzito wa gramu zaidi ya 600, na haiwezi kuwaka bila umeme wa pembeni.

Uongo wa pili umejificha zaidi. Mwanzo wa 2025, waandishi wa habari za teknolojia wa Ujerumani walitangaza kama diski nyingi za Seagate, zaidi aina ya Exos, ziliuzwa kama mpya na hazikuwa mpya. Zilikuwa zimetumika maelfu ya masaa, na wengi walizihusisha na mashamba ya pesa ya mtandao Chia kule China. Wadanganyifu walirudisha saa ya ndani ku sufuri, sawa mtu anarudisha kilometa za gari. Lakini diski za Seagate ziko na kitabu cha pili cha ndani, kinaitwa FARM, na masaa ya kweli yalikuwa yamebaki humo. Programu ya bure smartctl, mu toleo mpya, inakisoma kwa amri smartctl -l farm. Kama masaa ya kawaida yanasema 0 na FARM inasema 20,000, rudisha diski.

Kwa Windows kuna programu ya bure CrystalDiskInfo. Fundi wa kweli hatakataa uiweke mbele yake. Angalia masaa ya kuwaka: mpya inapashwa kuonyesha 0 ao karibu na hapo. Angalia mistari ya 05, C5 na C6. Kama yote haiko sufuri, sahani zimeanza kuharibika. Kisha, ukifika nyumbani, usiweke mafaili yako mara moja. Jaza diski mzima na H2testw, programu ya bure yenye kuandika mpaka mwisho na kusoma tena yote. Kwa TB 8 inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini diski zenye ubovu wa kiwanda mara nyingi zinajionyesha mapema, na ni vizuri zijionyeshe wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Okazyo yenyewe si dhambi. Diski ya okazyo yenye kutangazwa kama okazyo, masaa yanajulikana, 05 na C5 ziko sufuri, bei ni nusu, inaweza kuwa diski ya kopi. Usifanye okazyo mbili kuwa NAS yako yote.

Kununua wapi, na garanti

Diski nyingi zenye kufika kwetu zinapitia Kampala, Kigali, Nairobi ao Dubai. Mtu anayetuma rafiki Dubai anapata chaguo kubwa na bei nzuri, ila ajue kitu kimoja: garanti ya kiwanda inafuataka mara nyingi eneo la mauzo, na diski inapashwa kurudi kule. Red Plus, IronWolf na N300 ziko na garanti ya miaka 3, Red Pro na IronWolf Pro miaka 5. Namba ya seri iko ku etiketi. Iandike ku ukurasa wa garanti wa kiwanda, itakuambia tarehe ya mwisho. Kama inajibu kwamba garanti haiko ao imeisha, diski hiyo iliuzwa kwanza kwa mtu mwingine ao ilitoka mu mashine ya kampuni. Inaweza kufanya kazi, lakini bei inapashwa kushuka. Omba piga picha ya etiketi mbele ya kutuma pesa. Muuzaji mwenye kukataa picha ya etiketi, achana naye.

Ukinunua mbili, jaribu kuzichukua ku maduka mawili ao siku tofauti, zisiwe za kundi moja la kiwanda. Na kwa njia, ibebwe mu mikono ao mu nguo katikati ya kisanduku, si ku porte-bagage ya moto na barabara zetu hizi. Diski isiyowaka inavumilia mtikisiko. Ikiwa inawaka, kuanguka kutoka ku kiti kunatosha kuiua.

Umeme, vumbi, na milima yetu

Onduleri si anasa. NAS yenye kuzimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu orodha ya mafaili yote. Na regilatere yenye wengi wanatumia kwa frigo haichungi umeme, inausawazisha tu, umeme ukienda nayo inazimika. Tafuta onduleri yenye kamba ya USB ya kuongea na NAS. Umeme ukikatika, NAS inajua, na betri ikikaribia kuisha inajizima yenyewe kwa utaratibu. Ndogo ya VA 650 inatosha, juu NAS ya diski mbili inakula watt 15 mpaka 20 tu.

Kwa wenye panneau: watt 20 kwa masaa 24 ni watt-saa 480. Betri ya risasi ya volti 12 na ampere-saa 100 ni watt-saa 1,200, na usipashwe kutumia zaidi ya nusu. Hesabu inatoka, lakini betri hiyo haitabeba televizyo pamoja. Wengine wanaiwasha tu jioni, na hiyo pia inafaa.

Kuna wenye kuuliza kama milima inaharibu diski, juu kichwa cha kusoma kinaelea juu ya hewa. Viwanda vinaruhusu mpaka karibu metre 3,000 juu ya bahari. Goma na Bukavu ziko karibu 1,500, Butembo inapita 1,700, hakuna shida. Diski kubwa, zaidi zile za TB 10 na kupita, zinajazwa heliamu na kufungwa kabisa, na kwao swali hilo haliko. Zenye hewa ziko na kitundu kidogo cha kupumua, kimeandikwa kisifunikwe. Usiweke scotch juu yake. Vumbi la mawe meusi la Goma linaziba feni za NAS, zifute kila mwezi, na joto la diski likipita digri 45, isogeze mahali penye hewa.

Na angalia ruta. Ile yenye milango ya megabiti 100 inapitisha MB 11 tu kwa segonde: TB 1 itachukua masaa 25. Yenye gigabiti inamaliza kwa masaa mawili na nusu. Mara nyingi ni vizuri kubadilisha ruta kuliko kulipia diski yenye mbio zaidi.

Kopi ya tatu

RAID inakuchunga na diski kufa, haikuchungi na mwizi, moto, virusi, ao mtoto mwenye kufuta folda. Ukifuta faili, inafutika ku zote mbili segonde ileile. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ilitapika usiku, na siku tano nyuma yake serikali ya jimbo iliamuru sehemu kubwa ya Goma itoke. Watu walitoka na kile mkono unaweza kubeba. NAS haikuwa ndani ya hicho, na tangu pale kumekuwa kutoka kwingine.

Kwa hiyo mu hesabu yako ya kununua weka diski ya tatu, ndogo ya kubeba, ya TB 4 ao 5. Hii inaweza kuwa SMR bila shida, juu kazi yake ni kupokea kopi mara moja kwa mwezi kisha kulala. Isikae nyumba moja na NAS. Ipeleke kwa ndugu wa mji mwingine ao ng'ambo ya mpaka. Ifunge kwa nenosiri: BitLocker ku Windows Pro, ao VeraCrypt ya bure, juu diski ya kiwanja na pasipoti za familia ikipotea njiani inakuwa silaha mu mkono wa mwingine. Nenosiri hilo lijulikane na mtu wa pili wa nyumba. Na kila mara unapoleta kopi, chagua mafaili matano bila mpango, uyafungue ku ordinateri isiyo ya kwako, na uandike tarehe ku karatasi yenye kubandikwa ku diski.